Usimwage Udongo Huo

Keti kwanza hapa kibarazani, mjukuu wangu. Nimesikia umeongea na mwenye Kirikuu akuletee udongo mpya, na ule wa kwenye matuta ya tofali ukamwagwe bondeni. Nakuomba umpigie simu asije.

Maneno haya nilimwambia baba yako, nikawaambia na shangazi zako. Nimechoka kuyasema. Lakini Februari inakwisha, na masika hayamngoji mtu, kwa hiyo nisikilize na wewe.

Unasema udongo umekwisha kwa kuwa umeshuka shubiri nzima chini ya ukingo wa tofali. Samadi na majani tuliyochanganya mwanzoni yameoza, nyanya na mchicha wako wamekula misimu mitatu, na maji yakashindilia kilichobaki. Mchanga na mfinyanzi bado umo. Una njaa tu, mwanangu, na mwenye njaa hatupwi bondeni.

Kabla hujaulisha, ng'oa mabaki ya mazao taratibu utazame mizizi. Hapa ndipo vijana mnaporuka, nami nakusihi usiruke. Kwenye kunde utakuta vifundo vidogo vimeshika pembeni mwa mzizi. Visugue kwa kidole, vitabanduka. Kipasue kimoja kikiwa hai, ndani kina wekundu. Hivyo vinatega naitrojeni ya hewani, kwa hiyo kunde zikate juu, mizizi iache humo humo. Nyanya ni habari nyingine. Ukiona mzizi wenyewe umevimba mafundo yasiyobanduka, hao ni minyoo fundo. Itoe mizizi yote uichome, na tuta hilo usilipe tena nyanya, biringanya, pilipili wala bamia kwa misimu kadhaa. Kwa mashaka zaidi, hapa Muheza tunayo bahati: TARI Mlingano ni kituo cha utafiti wa udongo, nenda ukaulize.

Sasa chakula. Tuta lako lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Mboji ya unene wa sentimita 5 juu yake ni lita 150, yaani ndoo 7 na nusu za lita 20. Shimo la nyuma ya jiko lina zaidi ya hizo. Chimba upande wa chini, palipokuwa peusi na pasiponuka. Ichanganye kwa jembe uma kwenye sentimita 15 za juu, basi. Usipindue mpaka chini, na usiingie na miguu ndani ya tuta. Tulilifanya jembamba ili mkono ufike katikati ukiwa umesimama nje.

Jirani atakupa mbolea ya kuku, yenye maranda, ya leo leo. Ishukuru, ipokee, lakini usiitie. Mimi niliitia mbichi mwaka mmoja, nikapanda miche ya nyanya juu yake kwa haraka zangu. Majani yaliungua kingo, wiki haikuisha miche ikalala chini, na ile mbegu bibi yako ndiye aliyekuwa ameitunza. Mpaka leo naikumbuka asubuhi ile. Irundike chini ya mwembe, iloweshe, ifunike, uwe unaigeuza kwa miezi 3 au zaidi. Hiyo itakufaa vuli.

Majivu ya jikoni yana kazi yake, ila konzi moja kwa mita moja ya mraba inatosha, na si siku moja na samadi. Ukivichanganya utasikia harufu kali puani. Hiyo ni mbolea inapaa.

Ukimaliza, mwagilia, tandaza nyasi kavu, uliache tuta wiki mbili au tatu. Najua utaliona limekaa bure. Humo ndani kuna kazi nyingi inafanyika, na ukipanda kesho yake utaikatiza. Chota konzi ya udongo uibane: ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa kidogo, umekuwa tayari kwa miche. Ukichuruzika maji, ngoja.

Haya, piga simu hiyo nikikusikia. Halafu nenda tuta la mwisho, lile la nyanya zilizodumaa, ung'oe shina moja na mizizi yake uniletee hapa. Magoti hayanifikishi tena kule, lakini macho bado yapo.