Neno Kunusurika

Watu wengi huamini kwamba mtu aliyeponea chupuchupu katika balaa kubwa ana deni. Hawaliiti deni waziwazi. Husema, "Mungu amekuacha kwa makusudi," au, "Wewe bado una kazi hapa duniani." Maneno haya nimeyasikia misibani tangu utotoni, na wanaoyasema aghalabu huyasema kwa moyo mwema. Lakini nataka tujiulize, ndugu msomaji, kama ni haki kuyasema mbele ya mtu ambaye wenzake hawakuachwa.

Swali hili lilinikaa rohoni tangu nilipokwenda Katesh, wilayani Hanang, mwaka 2025. Bila shaka unakumbuka yaliyotokea huko. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji mengi mno hata ikashindwa kujizuia. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa kasi, yakapita Gendabi, yakaingia mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa, na shule ziligeuzwa kambi za waliopoteza makazi. Wengi tulipoona picha zake tulikumbuka ile Jumapili nyingine, tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipotokea chini ya bahari karibu na Sumatra na mawimbi yakaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Bahari ya Hindi, hata hapa kwetu, waogeleaji wa Dar es Salaam wakiwamo. Katesh iko mbali sana na bahari. Wimbi lake lilikuwa la udongo, na lilitoka juu.

Kutoka Litapunga hadi Katesh ni safari ya kumchosha mzee: Mpanda, Tabora, Singida, kisha barabara ya Babati. Nilialikwa na mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni zamani, naye akanipeleka kwa majirani zake waliohamia Waret, mahali ambapo Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100. Sikwenda kuhoji mtu. Nilikwenda kutoa pole, nikapewa chai, nikakaa.

Mama mmoja, aliyepoteza mtoto katika tope lile, alizungumza nami kwa utulivu mkubwa kuhusu bei ya mahindi na shule ya watoto waliobaki. Nilipokuwa nikiaga ndipo akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Kila mgeni anayekuja hapa ananiambia Mungu ana kazi na mimi. Ni kazi gani hiyo, hata mwanangu asiachwe naye aifanye?" Hakuwa akilia. Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza swali la hesabu lililomshinda, tena akitaka jibu. Nilimwambia kwamba sijui kazi hiyo, wala siamini kuwa kuna mtu anayeijua. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimeonyeshwa njia fupi ya kurudi barabarani.

Palikuwapo pia bwana mmoja ambaye usiku ule hakulala kwake. Alikuwa amekwenda Singida kufuata mzigo wa biashara. Nyumba yake ilichukuliwa ikiwa tupu, na ya jirani yake ilichukuliwa na watu ndani. Watu humpongeza kwa bahati yake. Aliniambia kwamba tangu siku ile hapendi kupita mbele ya mjane wa jirani yule, ingawa mama huyo hajamtamkia neno baya hata mara moja. Naona pongezi za watu ndizo zilizomfanya hivyo. Mtu ukimwambia kila siku kwamba yeye alichaguliwa, mwisho ataanza kuwaonea haya wale ambao, kwa hesabu hiyohiyo, hawakuchaguliwa.

Hapa uniwie radhi kidogo, maana nimefundisha sarufi kwa miaka mingi na mazoea yana taabu. Kiswahili kina neno kunusurika. Limetokana na kunusuru, likatiwa kiambishi cha kauli ya kutendeka, kama vunja inavyozaa vunjika. Tofauti ya kauli hii na ile ya kutendwa ni kubwa. Ukisema mtu ameokolewa, msikilizaji hungoja uongeze "na fulani". Ukisema amenusurika, sentensi imetosha, na hakuna anayetajwa kuwa ndiye mtenda. Watoto wanaijua siri hii mapema sana, ndiyo maana hakuna mtoto aliyewahi kuvunja kikombe, bali kikombe huvunjika chenyewe! Kwa mtoto huo ni ujanja. Kwa manusura wa Hanang, nathubutu kusema, ni ukweli mtupu. Walinusurika. Aliyelala chumba cha mbele alitoka, aliyelala cha nyuma hakutoka. Sisi wageni ndio tunaoharakisha kuongeza yule "na fulani", kwa sababu jambo lisilo na mtenda hututisha. Kama aliyebaki alibaki kwa makusudi, basi hata mimi ninayelala chini ya paa langu nina mpango unaonilinda. Tunamfariji mwenzetu huku tukijifariji wenyewe, na yeye ndiye anayelipa gharama.

Hoja hii si ngeni. Katika Injili ya Luka kuna habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa, na Yesu anakataa kabisa wazo kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Wahubiri wetu husoma mahali hapo, ila husahau upande wa pili wake: ikiwa waliokufa hawakuwa wabaya zaidi, na waliopona hawakuwa wema zaidi wala wateule zaidi. Huko Lisbon, mji wa pwani ya Ureno, tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilifuatwa na moto na mawimbi makubwa ya bahari, na ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani. Voltaire aliandika shairi la kupinga wale waliodai kwamba yote ni kwa wema. Rousseau akamjibu mwaka uliofuata kwamba maumbile hayakumwagiza mtu yeyote kurundika maelfu ya nyumba za ghorofa mahali pamoja. Kwa jambo hili namwunga mkono Rousseau zaidi. Swali la kwa nini huyu na si yule halina mwenye kulijibu, lakini swali la nani alipaswa kujua kwamba mlima una ufa, na nani aruhusiwe kujenga penye mkondo wa maji, lina majibu, na ni majibu tunayodaiwa sisi tulio hai. Hilo likiwa deni, si la manusura peke yao.

Najua nitapingwa. Wapo manusura wanaosema wenyewe, tena kwa furaha, kwamba Mungu aliwaokoa. Nilikutana nao Waret. Je, nao nitawasahihisha? La, hasha. Mtu akisema hivyo katika nafsi ya kwanza, anasimulia maisha yake, naye ana haki ya kuyapa maana aionayo. Ninachokikataa ni kulisema jambo hilo katika nafsi ya pili, kumvika mtu maana ambayo hakuishona mwenyewe. Sentensi ni ileile, kilichobadilika ni kiwakilishi tu, nacho hubadili kila kitu.

Hapa kwetu tungepaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Katumba, katika halmashauri yetu hii ya Nsimbo, iliwapokea watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Yale hayakuwa maporomoko ya mlima. Yalikuwa na watenda, nao walijulikana, na kwa habari hiyo kauli ya kutendwa ndiyo inayostahili: waliuawa na watu. Lakini waliovuka wakafika walibaki na lile swali la mama wa Waret, na waliishi nalo zaidi ya miaka 50 huku wakifyeka pori na kulima. Tangu mwaka 2010 Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi yale ya zamani. Wazee wao ninaowafahamu hawasimulii sana.

Niliporudi kutoka Katesh, mmoja wao, ambaye hunitembelea siku za mnada, aliniuliza nilikokuwa. Nikamweleza habari za tope, za mlima na za watu waliokufa. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza wale waliobaki wanalala wapi. Nikamwambia wamejengewa nyumba, za matofali, zimepangwa kwa mistari. Akauliza kama kila nyumba imeachiwa nafasi ya kupanda migomba. Sikuwa nimeangalia. Tukakubaliana nimpigie simu mwenyeji wangu nimwulize, na ikiwa nafasi ipo, yeye anayo machipukizi ya kutosha, ila hatujajua yatasafirije hadi Hanang bila kukauka.