Malipo ya Kazi ya Siri

Wazee husema, "Tenda wema wende zako, usingoje shukrani." Ni methali njema, na watoto wengi huifahamu kabla ya kujua kusoma. Lakini yako maswali ambayo methali moja haitoshi kuyajibu. Mtu akilitumikia taifa lake kwa siri na kwa hatari ya roho yake, kisha akapatwa na ufukara au maradhi, je, ni aibu kwake kurudi kudai malipo? Na taifa likimwambia, "Thibitisha madai yako," atathibitishaje kazi ambayo ubora wake wote ulikuwa katika kutojulikana? Tulitazame swali hili kwa mfano wa Ayalandi, kwa kuwa huko halikubaki maneno matupu. Liliandikwa katika maelfu ya faili, na faili hizo zimehifadhiwa hata leo.

Toka mwaka 1919 hata 1921, watu wa Ayalandi waliotaka uhuru walipigana na Uingereza. Hawakuwa na mizinga wala manowari. Silaha yao kubwa ilikuwa habari. Michael Collins, mkuu wa upelelezi wao, alikuwa na ofisi ya siri katika mtaa wa Crow Street mjini Dublin, si mbali na Dublin Castle, makao ya serikali ya Kiingereza. Humo vijana walisoma magazeti, wakakusanya picha, wakaandika majina na nyumba za adui zao. Mmoja wao alikuwa Charlie Dalton, aliyezaliwa mwaka 1903.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 21 Novemba 1920, Dalton alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alikuwa amepata habari za maafisa wa Kiingereza kutoka kwa mtumishi wa nyumba moja ya Upper Pembroke Street walimokaa. Asubuhi hiyo aliingia nyumba hiyo pamoja na wenzake wenye bastola, na maafisa wakapigwa risasi. Katika nyumba nyingine za mji yalifanyika hayo hayo, na waliokufa walizidi kumi. Alasiri, askari wa serikali waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukitazama mpira katika uwanja wa Croke Park, na raia kumi na wanne wakapoteza maisha. Mwenzake mmoja alisimulia baadaye kwamba usiku ule Dalton hakuweza kulala. Alisikia mchuruziko akadhani ni damu ya wale maafisa, mpaka wenzake wakamwambia kuwa ni maji ya bomba tu.

Mkataba na Uingereza ulitiwa sahihi Desemba 1921, lakini wapigania uhuru wakagawanyika kwa ajili yake, wakapigana wao kwa wao mwaka 1922 na 1923. Mwaka 1924 serikali mpya ilitunga sheria ya kuwapa pensheni wale waliopigania uhuru kisha wakatumika katika jeshi lake. Walioshindwa katika vita vile vya ndugu walingoja hata mwaka 1934, sheria ya pili ilipowafikiria wao, pamoja na wanawake wa chama cha Cumann na mBan. Kila mwombaji alitakiwa kueleza alikuwa wapi katika kila kipindi, alifanya nini, kwa amri ya nani, na nani angeweza kumshuhudia. Walioomba walizidi 80,000. Waliokubaliwa hawakufika robo yao.

Hapa ndipo taabu ya mpelelezi ilipoanza. Askari aliyepigana vitani huwa na wenzake waliomwona, na huenda ana kovu la kuonyesha. Mpelelezi hodari hakuacha alama yo yote, na kama angeiacha angalikufa. Mfikirie Lily Mernin, mpiga taipu aliyefanya kazi kwa Waingereza katika Dublin Castle. Mchana alipiga taipu barua zao, kisha akampelekea Collins habari zilizokuwamo. Hakushika bunduki, lakini bila habari kama zake wenye bunduki wasingalijua waende wapi. Je, alikuwa vitani au hakuwa? Sheria ya 1934 ilikuwa na madaraja matano ya malipo, na wanawake waliwekewa mawili ya chini tu. Twaona, basi, kwamba mizani iliyotengenezwa kupimia bunduki haiwezi kupima vema ujasiri ulio kimya. Hili ni funzo la kwanza: tusidhani kwamba jambo lisilo na ushahidi mwingi halina thamani.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Wako watu wa Ayalandi waliokataa kuomba pensheni. Walisema hawakupigania fedha, na wengine hawakutaka kuitambua serikali iliyoitoa. Watu hao wastahili heshima. Lakini si haki kuwageukia walioomba na kuwaita wachumia tumbo. Methali humwagiza mtenda wema asingoje shukrani. Haimpi aliyetendewa ruhusa ya kusahau. Ni maagizo mawili ya watu wawili. Mtenda akinyamaza, huo ni uungwana wake. Lakini taifa likinyamaza, huo ni utovu wa fadhila. Nalo taifa linalomngoja mzee mwenye njaa aje kuomba, kisha likamlaumu kwa kuomba, limefanya makosa mara mbili.

Lakini swali gumu zaidi bado liko mbele yetu. Katika kumbukumbu za Dalton mna jambo lililo kubwa kuliko madai ya miaka ya utumishi. Miaka kama ishirini baada ya Jumapili ile akili yake iliugua, na waliomjua waliandika kuwa ugonjwa huo ulitokana na mambo aliyoyapitia katika ujana wake. Waliomba utambuliwe kama jeraha la vita. Mtu aweza kuuliza, "Je, alipwe kwa kuwa aliua?" Mimi nasema pensheni si bei ya tendo. Kama ingekuwa bei, tungelazimika kuuliza roho ya mtu ni shilingi ngapi, na hakuna mwenye akili awezaye kujibu. Waliouawa asubuhi ile nao walikuwa na wazazi na wake, na majonzi yao hayakuwa haba kwa sababu walikuwa wa upande wa pili. Pensheni ni ungamo. Taifa lasema, "Tulimtuma kijana huyu kwa jina letu, basi yaliyompata huko ni juu yetu pia." Fedha haiwezi kumrudishia usingizi, lakini yaweza kumwondolea upweke wa kubeba peke yake mzigo wa watu wote.

Kwa muda mrefu faili hizo zilifungiwa. Tangu mwaka 2014 idara ya kumbukumbu za jeshi mjini Dublin imekuwa ikizifungua hatua kwa hatua kwa wote wapendao kuzisoma. Ndani yake mashujaa wa hadithi waonekana wakibishana juu ya miezi michache ya utumishi, wakieleza madeni yao, wakiomba dawa. Wengine huona hilo linawashusha. Mimi naona linawarudishia ubinadamu wao, maana sanamu ya shaba haiugui wala haidai kodi ya nyumba.

Wewe usomaye huenda una umri ule ule aliokuwa nao Dalton siku ile. Watu wazima watakuja kwako na mambo makubwa ya kukuagiza, na baadhi yatakuwa mema kweli. Kabla ya kuitikia, jiulize kama utaweza kuyasimulia ukiwa mzee, mbele ya mezani pa watu wasiokujua, bila kuficha. Na siku wewe utakapokuwa mwenye kuagiza, usimtume kijana kazi ambayo utaona haya kuisoma katika faili lake.