Agogwe wa Wembere na Uzito wa Ushahidi

Mtu akisema ameona kitu ambacho wenziwe hawajakiona, huwatwika wasikilizaji mzigo. Wakimsadiki upesi, huenda wakaufanya uvumi kuwa elimu. Wakimkanusha upesi, huenda wakamdhulumu mkweli. Njia hizi mbili hupendwa kwa kuwa ni nyepesi, maana zote humwondolea msikilizaji taabu ya kufikiri. Njia ya tatu ni kupima, nayo ni nzito. Singida ina visa viwili ambavyo, vikiwekwa pamoja, vyaonyesha kwa nini uzito huo hauna budi kubebwa.

Kisa cha kwanza ni cha Wembere. Mbuga hii iko upande wa magharibi wa Singida, na mto wake humwaga maji katika ziwa Kitangiri, Iramba. Katika Desemba 1937 jarida la Discovery la Uingereza lilichapa makala ya William Hichens, aliyepata kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika. Alisimulia kwamba miaka kadha nyuma alitumwa kuwinda simba walao watu katika misitu ya Ussure na Simbiti, magharibi ya Wembere. Alipokuwa akiotea penye uwazi wa msitu, viumbe wawili wadogo walitoka kichakani, wakavuka, wakatoweka upande wa pili. Walikwenda kwa miguu miwili, kimo chao kama futi nne, na miili yao imefunikwa nywele za hudhurungi. Mwindaji mwenyeji aliyekuwa naye aliogopa na kustaajabu, akasema kuwa hao ni agogwe, ambao mtu aweza kuishi umri wake wote asiwaone. Walitafutwa, wasionekane tena.

Wako wasemao kwamba alichoona ni nyani, kwani nyani naye husimama kitambo, na jicho linalomngoja simba si jicho tulivu. Wako wasemao kuwa agogwe ni masalio ya jamii ya kale ya watu wafupi. Hao walipata nguvu baada ya mwaka 2003, mifupa ya binadamu wa kimo cha kiasi cha mita moja ilipochimbuliwa katika pango la Liang Bua, kisiwani Flores, Indonesia. Lakini mfupa wa Flores si mfupa wa Wembere, na hapana mfupa wala ngozi ya agogwe iliyothibitishwa na wataalamu. Wako, mwisho, wanaodhani kuwa hadithi yote ni ya kubuni. Lukwata, dude linalosimuliwa katika Ziwa Viktoria, naye amebishaniwa vivyo hivyo: huyu asema ni mamba mkubwa, yule asema ni chatu, na wa tatu asema si kitu.

Hichens huyu ndiye aliyehariri Al-Inkishafi, iliyotolewa London mwaka 1939, na Diwani ya Muyaka, iliyotolewa Johannesburg mwaka 1940. Kazi ya mhariri yafaa kuwa mfano hapa. Apatapo nakala mbili zisizopatana, haisadiki moja kwa uzuri wake wala haitupi nyingine kwa ugeni wake. Huuliza ni nani aliyenakili, lini, kutoka wapi, na kwa faida gani. Kisa cha Wembere kikipimwa hivyo, chaonekana kuwa nakala yake ni moja, nayo iliandikwa miaka kadha baada ya tukio. Tena, mwaka 1927 mwandishi huyo huyo alikwisha kuandika katika Chambers's Journal juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika, akijificha nyuma ya jina "Fulahn", yaani Fulani. Afichaye jina lake hupunguza dhamana ya neno lake. Bali katika mwaka 1937 alitia jina lake wazi, na hilo nalo laingia katika mizani.

Shahidi wa pili ni yule mwindaji. Neno "agogwe" lilitoka kinywani mwake, na elimu ya msitu ilikuwa yake. Hata hivyo kauli yake ilifika London ikiwa imebebwa na kauli ya ofisa. Wambuti wa Kongo walimjua okapi kabla ya wataalamu wa Ulaya kumpa jina la kisayansi mwaka 1901. Hii haifanyi kila neno la msituni kuwa kweli, ila yafundisha kuwa kulitupa neno kwa sababu ya msemaji wake si kulipima.

Kisa cha pili kina damu. Kati ya miaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa Singida, na maiti zao zilikuwa na majeraha kama ya makucha. Wengine walisema ni simba, wengine walisema ni watu wenye sura ya simba. Serikali ilishika watu na kuwashtaki, na baadhi yao walihukumiwa kufa. Mwaka 1962 Harold Schneider aliyapima upya mambo hayo katika Tanganyika Notes and Records. Hapa neno "nimeona" liliweza kumpeleka mtu kitanzini, na neno "ni simba tu" liliweza kumwacha muuaji aende zake.

Basi ushahidi udaiwao na ulingane na tendo litakalofuata imani. Agogwe aweza kungojea miaka mia mfupa wake upatikane, wala hapana atakayepungukiwa. Mshtakiwa hana miaka mia. Hata hivyo mambo madogo hulea tabia ya mambo makubwa: aliyezoea kusadiki hadithi kwa kuwa ni tamu, siku moja husadiki tuhuma kwa kuwa ana hasira. Katika mikoa jirani ya Shinyanga na Tabora vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na macho mekundu, yaliyotiwa wekundu na moshi wa mafiga, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Hao waliouawa hawakupimwa na mtu. Wangalipimwa kwa subira ile ile anayostahili agogwe, wengi wao wangalizeeka wakafa vitandani mwao.