Kamuulize Anayepika

Wahenga walituachia neno hili: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mara nyingi tunalitumia kumnyamazisha anayejitia katika shida za jirani. Mimi naona linawahusu zaidi mafundi na wahandisi, hasa wanaobuni vyombo vya nyumbani ambavyo wao hawatavishika.

Yupo mmoja aliyelitii neno hili bila kulisikia: Lillian Gilbreth wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1878. Yeye na mumewe Frank walikuwa wahandisi wa kuchunguza namna watu wanavyofanya kazi, wapunguze uchovu na mizunguko isiyo na faida. Kitabu chake cha mwaka 1914 kilitoka kwa jina la L. M. Gilbreth, maana mchapishaji hakutaka ijulikane kuwa mwandishi ni mwanamke. Mwaka 1924 Frank akafariki, akamwachia watoto 11. Makampuni kadhaa yaliyokuwa yakiwaajiri wote wawili yakaona hayana haja na mhandisi mwanamke, mikataba ikakatika.

Ndipo akageukia jiko, uwanja ambao hakuna mwanamume aliyemnyima. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Lillian hakuwa mpishi. Kwake walipika wengine. Angeweza kujifanya mjuzi kwa kuwa tu ni mwanamke, na nani angembishia? Yeye akauliza. Alizungumza na wanawake zaidi ya 4,000 apate kujua jiko na sinki viwe na kimo gani. Kwa anayechora, kimo cha meza ni mstari tu. Kwa anayekanda unga juu yake kila siku, mstari ukikosewa ni mgongo unaouma miaka na miaka. Anatajwa pia kuwa mbunifu wa ndoo ya taka inayofunguka kwa kukanyagwa, na wa rafu za mlangoni mwa friji. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani.

Kwetu tunaletewa majiko sanifu, mengine yamepimwa moshi na kuni kwa uangalifu mkubwa. Lakini ugali husongwa kwa nguvu, na jiko jepesi huyumba chini ya mwiko. Mama akishaungua mara moja, hulisukumia uani na kurudia mafiga yake. Watu husema amekataa maendeleo. Hawamtendei haki: amekataa kuungua, na hakuna aliyemuuliza kabla chuma hakijakatwa.

Basi wewe kijana uliye chuo cha ufundi, mvulana kwa msichana, kabla hujashika kalamu nenda jikoni kwa mama zako. Keti, tazama mikono yao, uliza, uandike wanayokwambia. Na chombo kikishakamilika, majina yao yawekwe pamoja na lako.