Tunaipenda Pamba kwa ajili ya nini?

MWANAFUNZI wangu mmoja wa kidato cha tatu alinifuata baada ya kipindi. Siku hiyo tulikuwa tumesoma habari ya kutimiza ahadi na alama za mnafiki. Akaniuliza: "Ustaadhi, mtu akiiacha timu yake kwa sababu inafungwa kila siku, naye ni mnafiki?" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, nikamwambia akafanye kazi ya nyumbani. Lakini nilipofika kwangu Mabatini jioni ile, nikagundua kuwa swali lile sikulijibu, na kwamba sikulijibu kwa sababu lilinigusa mimi mwenyewe.

Ndugu msomaji, timu aliyoikusudia kijana yule ni Pamba. Kwa walio mbali na Mwanza, au waliozaliwa juzi, inafaa nikumbushe kidogo. Pamba ilikuwa timu kweli kweli. Mwaka 1990 ilikuwa bingwa wa Muungano, na mwaka huohuo, katika Kombe la Washindi Afrika, iliifunga Anse Réunion ya Shelisheli mabao 12 kwa 1. Hapa ndipo walipocheza akina Fumo Felician na George Masatu. Mashabiki wakaiita TP Lindanda, na hizo herufi mbili za mwanzo ni za maneno ya Kifaransa yaliyotoka kwa majirani zetu wa Kongo, yenye maana ya "mwenye nguvu zote".

Nasita kidogo hapo. Mwenye nguvu zote ni Allah (s.w) peke yake, na sidhani kama waliolishangilia jina lile walikuwa wamekaa wakatafsiri. Ila mwaka 2001 "mwenye nguvu zote" alishuka daraja, na ilimchukua miaka 23 kurudi Ligi Kuu. Siwezi kulisoma tukio hili bila kumkumbuka ngamia wa Mtume (s.a.w) aliyeitwa Al-Adhbaa. Amepokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a) kuwa ngamia huyo alikuwa hashindwi mbio, mpaka akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga akamshinda. Jambo hilo likawauma Waislamu hata likaonekana nyusoni mwao. Mtume (s.a.w) akawafahamisha kuwa ni haki kwa Allah kwamba hakuna kinachojiinua hapa duniani ila atakishusha. Tazama kwamba maswahaba waliumia kwa ajili ya mbio za ngamia, na Mtume hakuwakaripia kwa kuumia huko. Aliwaeleza tu namna ya kuelewa walichokiona.

Basi wale wanaosema kuwa kusikitika kwa ajili ya mchezo ni upungufu wa imani wanakwenda mbali mno.

Tukirudi kwenye swali la kijana, kifiqhi jibu ni jepesi. Ahadi inataka pande mbili. Pamba haikufunga mkataba na shabiki, haimjui kwa jina, na akihama leo haitamshitaki. Kwa hiyo hakuna ahadi iliyovunjwa wala unafiki. Tena mtu anaweza kuuliza: hiyo Pamba unayoing'ang'ania ni ipi? Wachezaji wa mwaka 1990 leo ni wazee. Viongozi wamepita wengi. Timu ikaja kuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na jina likawa Pamba Jiji. Ni kama mtumbwi wa pale Mwaloni unaobadilishwa ubao mmoja kila mwaka, mpaka haubaki ubao hata mmoja wa zamani, na mwenyewe bado anasema ni mtumbwi aliorithi kwa baba yake.

Lakini jibu la kifiqhi halinitoshi, maana najua kisa changu.

Nilipokuwa mdogo timu ilikuwa tayari inaelekea shimoni. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma chuo kikuu, nikafanya kama wengi: nikachukua timu moja kubwa ya Kariakoo, na nyingine ya Uingereza kwa ajili ya usiku. Nani angenilaumu? Ukikaa bwenini na watu wa kila mkoa, usingependa kuwa yule ambaye timu yake haitajwi hata redioni. Huku nyumbani hali ilizidi kuwa mbaya. Toto African ikashuka mwaka 2017. Mbao FC, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huohuo ikafungwa na Simba 2-1 kule Dodoma, ikashuka mwaka 2020, na Alliance nayo ikashuka mwaka huo. Jiji lenye watu wote hawa, na uwanja mkubwa wa CCM Kirumba, likakaa misimu minne bila timu yake Ligi Kuu. Uwanja ukabaki wa kuwapokea wageni.

Katika miaka hiyo yote yupo mzee mmoja jirani yetu, fundi baiskeli, ambaye hakuhama. Pamba ikicheza ligi za chini, yeye alikuwa akifunga kibanda chake mapema na kwenda Nyamagana kuangalia, na mara nyingine watazamaji waliweza kuhesabika. Vijana walimtania, "Mzee, unaangalia makaburi?" Nikiwa likizo nilipata kumuuliza kwa nini anajisumbua. Hakuniambia neno juu ya mpira. Aliniuliza: "Mwalimu, na wewe ukiingia darasani ukawakuta watoto watatu, unarudi nyumbani?"

Neno hilo lilinikalia kooni, kwa sababu madrasa ninayofundisha mwisho wa wiki ina msimu wake wa watoto watatu. Mvua zikinyesha, Mto Mirongo ukafurika na njia za huku Mabatini zikawa tope tupu, hubaki watatu, wanne. Na siku hizo nafsi huniambia nirudi nyumbani.

Hapa ndipo ninapoiona hoja ya mzee. Mja hujizoeza tabia katika mambo madogo. Aliyezoea kukimbia kila kinachoshindwa, siku moja kitakachoshindwa kitakuwa ni rafiki yake aliyefilisika, au mzazi aliyepooza, na miguu yake itakuwa imeshaijua njia ya kukimbilia.

Hata hivyo, hoja hii isipewe uzito kuliko unaoustahiki. Namjua mtu mwingine, hapahapa mjini, ambaye naye hajaiacha timu yake tangu utotoni. Anasafiri nayo mpaka mikoani. Mkewe ndiye anayehangaika na karo na kodi ya nyumba. Huyu naye tumwite mwaminifu? Uaminifu kwa timu una wepesi wake: timu haikuombi karo, haiugui usiku, haikununii ukichelewa. Yawezekana mtu akajificha ndani ya uaminifu mwepesi ili aukwepe ule mgumu unaomsubiri nyumbani. Na mechi nyingi huanza saa kumi, wakati wa Alasiri unapoingia hapa Mwanza. Shabiki anayeingia uwanjani saa tisa na kutoka saa kumi na mbili hana budi ajiulize ameswali wapi.

Ipo pia hatari ya asabia. Mtume (s.a.w) aliulizwa kama mtu kuwapenda watu wake ni asabia, akasema sivyo, na kwamba asabia ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Na yeye mwenyewe, alipotolewa Makka, alieleza kuwa ndiyo ardhi aipendayo kuliko zote, ingawa watu wake ndio waliomtoa. Kwa hiyo kuupenda mji na vitu vya mji hakuna aibu. Aibu inaanza pale refa anapopigwa mawe kwa sababu tu amewapa wageni penalti ya haki.

Sasa ama kuhusu matumaini, maulamaa wetu wametenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Imam Ghazali amefafanua kuwa rajaa, yaani matarajio ya kweli, ni ya mkulima aliyelima, akapanda mbegu njema, akapalilia, kisha akangojea mvua kwa Mola wake. Asiyepanda akangojea mavuno, hayo ni matamanio na kujidanganya. Mfano huu hauhitaji tafsiri huku Usukumani. Wazee wetu wamelima pamba miaka mingi, wakaiita dhahabu nyeupe. Msimu mmoja mvua ilikataa, msimu mwingine bei ikaanguka, na msimu uliofuata walikwenda tena shambani. Timu ilichukua jina lake hukohuko.

Kwa kipimo hicho, matumaini ya mashabiki hayalingani. Yule fundi baiskeli alipanda: kiingilio chake, muda wake, sauti yake. Kijana anayekaa na simu akibashiri mkeka wa timu kumi na mbili ili apate milioni kwa shilingi elfu moja hakupanda kitu, na zaidi ya hapo anacheza kamari, ambayo hukumu yake inajulikana. Na mimi niliyekuwa Dar es Salaam nikiwashangilia wa Kariakoo, nilipanda nini?

Maana mwaka 2024, Pamba ilipopanda, mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia kununua jezi. Mji mzima ulikuwa wa Pamba siku zile. Nikamwendea mzee kumpongeza, nikijiona mwenzake. Nikiwa njiani ikanijia ile aya ya kumi ya Surat Al-Hadid, inayotufundisha kuwa hawalingani waliotoa na kupigana kabla ya ushindi na waliofanya hivyo baadaye. Najua fika imeshuka kwa jambo kubwa lisilolinganishwa na mpira. Lakini iliniuma. Kisha nikakumbuka kuwa aya haikomei hapo, kwa kuwa makundi yote mawili Allah ameyaahidi wema.

Mzee hakunihesabia. "Tumepanda tu," alisema, "hatujakaa." Alikuwa sahihi. Msimu ule ulianza kwa taabu, ushindi ukachelewa, kocha Goran Kopunović akaondoka mapema na nafasi yake akaichukua Fred Felix Minziro. Wengi wa wenye jezi mpya tukaanza kupungua jukwaani. Mwisho wa msimu, mwaka 2025, timu ilinusurika kushuka.

Kijana wangu nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia si mnafiki, aende zake, ila kabla hajahama aje Ijumaa nimkutanishe na mtu. Hajaja mpaka leo.

Katika msimu ule nilikwenda Kirumba na mzee mara moja. Saa kumi kasorobo watu wanasukumana getini, yeye akanishika mkono tukapinda msikitini. Tukaswali Alasiri jamaa, akakaa na uradi wake bila haraka, mimi nikisikia makelele ya uwanja na roho ikinidunda. Tulipoingia ilikuwa dakika ya ishirini hivi. Akamuuliza aliyekaa karibu matokeo, akaambiwa bado bila bila. "Afadhali," akasema, akatandika gazeti lake juu ya saruji, akakaa.