Mizani ya Kamari

Mkulima wa Shinyanga anapotaka kununua dume wa kulimia, hafanyi haraka. Humzunguka mnyama mara mbili tatu. Hutazama kwato, humfungua kinywa ahesabu meno, humwendesha hatua kadhaa aone kama achechemea, tena huuliza mama yake ni yupi na amelishwa wapi. Dume wa miaka mitatu hivi ndiye ampendaye, kwa maana amekwisha kupata nguvu na bado afundishika nira. Elimu hii baba humrithisha mwana. Nayo ni elimu njema, kwa sababu mwisho wake ni jembe shambani na chakula nyumbani.

Watu wa Ulaya wana elimu iliyo ndugu na hiyo, ila yao ni juu ya farasi. Huko Epsom, Uingereza, tangu mwaka 1780 hufanyika mashindano yaitwayo Derby, ya farasi wa miaka mitatu peke yao, katika mwendo wa mita zipatazo 2,400 bila kizingiti cha kurukwa. Farasi huipata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Jirani zetu wa Kenya nao wana Derby yao ya farasi wa umri huo huo, katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Kwetu Usukuma na Geita mchezo huu haukuingia. Nchi yenye mbung'o haikuwa rafiki wa farasi.

Wajuzi wa mambo hayo huchunguza kwelikweli. Hutazama ukoo wa farasi, jinsi alivyokimbia akiwa na miaka miwili, kama ardhi ngumu yamfaa au laini, na kama pumzi yake yatosha kwa mwendo mrefu. Kisha watu huweka fedha zao. Lakini yatazameni yaliyotokea. Mwaka 2024 farasi aitwaye City of Troy, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja, alitegemewa kuliko wote katika mbio kubwa za Newmarket mwezi wa Mei. Akamaliza wa tisa. Waliokata tamaa naye walimwona mwezi wa Juni akishinda Derby. Mwaka 2025 mfunzaji Aidan O'Brien alipeleka Epsom farasi zaidi ya mmoja. Ryan Moore, mpandaji mkuu wa zizi lile, ambaye huwajua farasi hao kuliko watazamaji wote, alimpanda Delacroix. Aliyeshinda ni mwenzake wa zizi lile lile, Lambourn, na Delacroix alibaki mbali nyuma. Ikiwa mtu anayeamka alfajiri na farasi hao ameweza kukosea, aliye mbali atajivunia nini?

Huenda msomaji akauliza: Farasi wa Ulaya wazihusu nini nyumba za Wakristu wa Kahama, Katoro na Nyarugusu? Zawahusu sana. Biashara ile ile imekwisha kuingia kwetu kwa mlango mwingine, mlango wa mpira wa miguu. Kijana ana simu mkononi, na ndani ya simu mna fedha. Hufunga mechi kumi katika karatasi moja, aiitayo mkeka, na ili apate kitu yapasa zote kumi zitokee kama alivyosema. Tena katika maduka ya kubeti kuna vioo vya televisheni vinavyoonyesha mbio za farasi mchana kutwa. Farasi hao hawana mama wala baba. Hawajala jani hata moja. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa kwa nambari za bahati. Mbele ya farasi wa namna hii hata yule mpandaji wa Epsom hana elimu yoyote ya kumsaidia. Hata hivyo watu hukaa mbele ya kioo wakibishana ni farasi yupi mwenye miguu mizuri!

Wazee wetu hawakudanganyika hivyo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi haikuwa ya haki. Hawakuridhika kuambiwa kwamba pamba yao ni nzuri. Walitaka kujua jiwe la mizani lina uzito gani. Wakaungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikafanya umoja mkubwa wa ushirika wa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Basi sisi wana wao tuulize swali lile lile: Je, mizani ya kamari ikoje?

Bwana wetu Yesu Kristu alifundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Na sisi tuketi tukahesabu. Chukueni mchezo wa pande mbili zilizo sawa kabisa, mfano wa sarafu itupwayo juu. Haki ingekuwa kwamba aliyeweka shilingi 1,000 akishinda apokee 2,000. Lakini tuseme mwenye duka ametangaza bei ya 1.90, yaani mshindi hupokea 1,900. Basi katika kila shilingi 1,000 ziwekwazo, kwa wastani 950 zarudi kwa wachezaji, na 50 zabaki dukani. Hapo mtu ataona ni kidogo.

Sasa fungeni michezo kumi ya namna hiyo katika mkeka mmoja. Nafasi ya kuipata yote ni moja katika 1,024. Kwa haki, shilingi 1,000 ingepasa kuleta 1,024,000. Lakini kwa bei ile ya 1.90 italeta kama 613,000 tu. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 ziwekwazo kwenye mikeka kama hiyo, kwa wastani hurudi kama 600, na 400 hubaki dukani. Bei hutofautiana duka kwa duka, lakini njia ni hiyo hiyo: kadiri mkeka urefukavyo, ndivyo mizani izidivyo kuinama upande wa mwenye duka. Nao mkeka mrefu ndio unaosifiwa vijiweni, kwa sababu fedha zake zaonekana nyingi.

Kijana atajibu: "Lakini mimi naujua mpira." Hatukatai. Labda aijua Simba na Yanga kuliko alijuavyo shamba la baba yake. Lakini jambo ajualo yeye leo, mwenye duka alilijua jana, akalitia katika bei. Timu iliyo hodari huuzwa ghali, timu dhaifu huuzwa rahisi. Asiyelifahamu hili hudhani kwamba ashindana na timu, kumbe ashindana na bei iliyokwisha kupangwa na watu wanaokula kwa kazi hiyo. Hapa ndipo jicho la mnunuzi wa ng'ombe litenganapo na jicho la mcheza kamari. Yule akikadiria vema, arudi nyumbani na dume. Huyu hata akikadiria vema, bado hana kwato wala mkia. Ana karatasi mkononi.

Wachimbaji wa Geita nao wana neno lao: "Mbona duara la dhahabu ni bahati tu? Waweza kuchimba miezi sita ukapata mawe matupu." Neno hili lastahili jibu la heshima, maana linatoka kwa watu wanaoshuka gizani kwa ajili ya watoto wao. Ni kweli, uchimbaji una hatari na bahati. Kilimo pia kina bahati. Nani ajuaye mvua? Lakini mchimbaji akipata, dhahabu imetoka ardhini, ambayo jana haikuwamo mikononi mwa mtu. Yauzwa, mathalani katika soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019, na wote waliofanya kazi wapata fungu lao. Katika kamari hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Fedha ya mshindi ni fedha ya majirani walioshindwa, iliyokwisha kupunguzwa njiani. Na wale majirani ni nani? Ni yule aliyeuza pamba mwezi wa Juni, na yule aliyepandishwa kutoka shimoni jana jioni.

Je, basi kila mchezo wa bahati ni dhambi? Kanisa halisemi hivyo, wala sisi tusiwe wakali kuliko Mama yetu. Mitume walipiga kura walipomchagua Mathia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Lakini huwa haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea, nayo yaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Serikali nayo imeiruhusu kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ikiwakataza walio chini ya miaka 18. Lakini jambo laweza kuruhusiwa na sheria ya nchi na bado likakatazwa na dhamiri ya baba wa nyumba. Shilingi ya ada ya shule, ya dawa ya mtoto, ya chumvi na mafuta ya taa, si shilingi yake peke yake. Akiiweka dau, ameweka kitu cha watu wengine bila kuwauliza.

Tuwakumbuke wale askari chini ya Msalaba. Juu yao Mkombozi alikuwa akifa kwa ajili yao, nao waliinamisha vichwa kupigia kura vazi lake. Hawakuinua macho. Hilo ndilo baya la kamari kuliko hasara ya fedha: huinamisha kichwa. Mke asema, mume hasikii, atazama simu. Mtoto alia kwa homa, baba angoja dakika ya tisini.

Wala asikate tamaa aliyekwisha kunaswa. Mtakatifu Kamili wa Lellis alikuwa askari mcheza kamari, na mwaka 1574 huko Napoli alipoteza yote, hata shati la mwilini. Mwaka uliofuata aliongoka, baadaye akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, na leo ni msimamizi wa wagonjwa. Mungu alimwokota mahali ambapo bahati ilimtupa.

Enyi akina baba, siku ya malipo pitieni nyumbani kwanza, fedha iwekwe mezani mbele ya mama wa nyumba, kabla haijapita dukani. Enyi akina mama, msimfukuze mume kwa matukano. Mwombeni mhesabu pamoja, kama tulivyohesabu hapa. Enyi vijana, mlio na jicho la kukadiria, likadirieni jambo litakalokuwa lenu: mbuzi, ufundi, hisa katika chama cha akiba. Na ninyi wazazi nyote, kumbukeni kwamba nyumbani mwenu mnaye kijana ambaye nguvu zake bado hazijajulikana zitafika wapi. Huyo ndiye anayestahili shilingi yenu. Mlisheni, mfundisheni, msimameni karibu naye. Akichelewa mwezi wa Mei, huenda mwezi wa Juni akawafurahisha.