Kufunga na Kushinda na Njaa

Siku hizi wako watu wafungao, si kwa ajili ya sala, bali kupunguza unene: hula tangu saa 2 asubuhi hata saa 10 alasiri, kisha hujizuia. Mwaka 2022 waganga wa Guangzhou, Uchina, walitangaza habari za watu wanene 139 waliopunguziwa chakula kwa miezi 12. Waliowekewa saa hawakuonekana kwa yakini kuwapita wenzao. Basi faida kubwa ni ya kipimo, wala si ya saa.

Je, mkulima wa Tarime ashindaye na jembe pasipo ugali, naye amefunga? La, hakuchagua. Na mwenye ugonjwa wa sukari, achomwaye sindano ya insulini, akifunga pasipo shauri la mganga aweza kuzimia, hata kufa. Huyo amechagua, walakini mimi simsifu.